Usipange kikao siku ya bamvua: mwongozo wa tathmini inayobadilisha kitu

Watu wa Tanga tuna utani wetu wa zamani: waja leo, waondoka leo. Hakuna anayestahili utani huo kuliko mtathmini wa miradi. Asubuhi anashuka na gari, mchana anapitisha dodoso na kupiga picha, jioni yuko mjini anaagiza mishikaki. Ripoti inatoka miezi minne baadaye, kurasa 80, Kiingereza kitupu.

Mwaka mmoja nilirudi kwenye kijiji kimoja upande wa Mkinga kwa shughuli nyingine, mkobani nina ripoti ya namna hiyo. Jalada lake lilikuwa na picha ya mama mmoja amejitwika gunia la mwani. Nikamtafuta, nikampa. Aliazima miwani ya jirani, akaitazama sana ile picha, akasema, "Ndiyo mimi huyu. Sasa humu ndani mmeandika nini?" Nikababaika. Ripoti ile niliiandika mimi.

Yafuatayo nimejifunza baada ya aibu ile. Nawaandikia maafisa maendeleo ya jamii wa kata, waratibu wa mashirika madogo, na vijana waliomaliza chuo wanaopewa kazi ya kukusanya takwimu bila kuambiwa takwimu zinakwenda wapi.

Hatua ya 1: Tafuta kikao kabla ya kutunga swali

Wengi huanza na viashiria, yaani vipimo vya kuonyesha kama mradi umefanikiwa. Wewe anza na kikao. Matokeo yakipatikana yatasomwa mezani kwa nani, mwezi gani, na meza hiyo ina mamlaka ya kuamua nini? Kama huna jibu, ujue unaandaa ripoti ya kabatini.

Vikao vyetu vinajulikana. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ufukweni kuna BMU, kamati inayosimamia uvuvi na rasilimali za bahari pale kijijini. Wilayani kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Na mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, lakini mipango hupikwa miezi mingi kabla. Ukipeleka mapendekezo yako Mei, chungu kimeshaipuliwa.

Chukua karatasi moja, chora safu nne: uamuzi gani, kikao gani, mwezi gani, nani anashika kalamu. Safu ya nne ndiyo inayosahaulika. Tunahangaika na mwenyekiti, kumbe anayeandika muhtasari ndiye anayeamua neno lipi litaishi. Tutarudi kwake mwishoni.

Hatua ya 2: Bishana na hadidu za rejea mapema

Ukishasaini umekwisha. Kwa hiyo hadidu za rejea, ile karatasi inayoeleza kazi unayopewa na maswali ya kujibu, zisome kama unavyosoma mkataba wa kiwanja.

Nyingi zimejengwa juu ya vigezo sita vya tathmini vya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri: umuhimu wa mradi, ulinganifu wake na juhudi nyingine (hiki kiliongezwa 2019), ufanisi, tija, matokeo ya muda mrefu na uendelevu. Hakuna hata kimoja chenye jina la usawa wa jinsia, na ndiyo maana suala la wanawake huishia kwenye kasura kadogo ukurasa wa 60. Lakini ufafanuzi wa kigezo cha ufanisi wenyewe unataka ziangaliwe tofauti za matokeo kati ya makundi. Shikilia hapo. Mwambie mfadhili kwamba hudai jambo jipya, unadai lililokwisha kuandikwa.

Kisha badilisha swali kuu. "Wanawake wangapi walishiriki?" ni swali la daftari la mahudhurio. Uliza nani alipata uamuzi ambao mwanzo hakuwa nao, na nani aliupoteza.

La mwisho hapa ni fedha. Mimi sisaini tena mkataba usio na siku za kurudi kijijini, zisizopungua tatu, nauli na chai ya wanakikundi zikiwa zimeandikwa kwenye bajeti. Wakisema fedha haitoshi, punguza dodoso. Dodoso la maswali 120 halisomwi lote na mtu yeyote, hata aliyelitunga.

Hatua ya 3: Soma mwezi

Shirika moja lilipanga majadiliano ya kikundi Jumanne saa tatu asubuhi, kijiji cha wakulima wa mwani. Walikuja wanaume kumi na mmoja na vikongwe wawili. Ripoti ikaandika: "mwitikio wa wanawake ulikuwa mdogo." Ilikuwa bamvua. Wanawake wote walikuwa wanaonekana kwa macho kutoka pale chini ya mwembe, wameinama kwenye kamba zao, maji magotini.

Kwa asiyekulia pwani: bamvua huja mara mbili kwa mwezi, siku zinazozunguka mwezi mwandamo na siku zinazozunguka mwezi mpevu. Maji hukauka mbali, na kwetu hukauka mida hiyohiyo ya asubuhi kuelekea adhuhuri ambayo maofisa wanaipenda kwa vikao. Ndizo siku za kufunga mbegu, kukaza kamba, kung'oa uchafu na kuvuna. Mwani hukaa baharini kama wiki sita, kwa hiyo mkulima ana bamvua chache tu za kufanya kazi yake kabla ya mavuno. Akupe wewe moja kwa soda?

Nenda siku za maji mafu, zile za katikati ambazo maji hayakauki mbali. Huna haja ya jedwali, muulize mtu yeyote ufukweni "mwezi ngapi leo?", yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame, atakujibu bila kutazama simu. Mama karanga, wale wanaonunua samaki dikoni, pale mashua zinapotua, na kuwakaanga, wana saa zao nyingine kabisa, zinazofuata mashua. Waulize wao. Na kama ni Ramadhani, alasiri ni ya jikoni, usijaribu.

Hili la kalenda linaonekana dogo. Lakini mimi nikipewa ripoti ya tathmini yoyote ya pwani, kuanzia Mkinga hadi Mlingotini kule Bagamoyo, kwanza natazama tarehe za mahojiano na kuzilinganisha na mwezi. Mara nyingi sihitaji kusoma zaidi.

Hatua ya 4: Barua, ruhusa, na orodha

Barua ya mkurugenzi wa halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Usiruke mtu. Lakini heshima isikufanye upokee orodha ya wahojiwa iliyoandaliwa ofisini, maana utahoji ukoo mmoja. Omba orodha nzima ya wanakikundi, pamoja na walioacha, na uchague kwa kura mbele yao. Walioacha ndio wenye habari.

Taarifa za mtu ni mali yake. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Omba ridhaa kwa Kiswahili cha kawaida, na ya picha iombe peke yake.

Kuhusu kupigwa na mateso ya ndani: usiulize kama hujajiandaa. Kabla ya swali la kwanza uwe unamjua afisa ustawi wa jamii, unajua dawati la jinsia na watoto la polisi liko kituo gani, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto iwe kwenye daftari lako. Mwanamke akufungulie moyo halafu uondoke na daftari tu? Heri ungenyamaza.

Hatua ya 5: Uliza hela zililala wapi

Hapa nataka nikae.

Nilikaa kwenye baraza ya nyumba moja karibu na Pangani na mzee na mkewe, wote wakulima wa mwani. Dodoso liliniambia niulize nani anaamua matumizi ya mapato. "Tunaamua pamoja," mzee akajibu. Bibi akaitikia kwa kichwa. Nikaweka tiki, na tiki ile ingeingia kwenye asilimia za kupendeza.

Kesho yake nilimkuta bibi peke yake, anageuza mwani juu ya chanja. Nikamwamkia, nikainama nami nikaanza kutoa majani na makombe.

"Bibi, mara ya mwisho mnunuzi alipokuja, hela alimkabidhi nani?"

"Mimi. Si mwani wangu?"

"Usiku ule zililala wapi?"

Akacheka hadi akaweka mkono kiunoni. "Mwanangu, swali gani hilo? Zililala mfukoni mwa shati la babu yenu. Kanga yangu mimi ina mfuko?"

"Na asubuhi?"

"Asubuhi nikaomba ya sukari."

Neno "pamoja" lilikuwa limeyaficha yote hayo, na wala hakuna aliyesema uongo. Ndiyo maana nimeacha kuuliza kuhusu desturi. Nauliza kuhusu mara ya mwisho, kisha naifuata hela, au simu, au hati, kutoka mkono hadi mkono. Laini ya simu inayopokea malipo imesajiliwa kwa jina la nani? Namba ya siri anaijua nani mwingine? Hati ya kimila ya shamba ina jina moja au mawili, na iko chini ya godoro la nani? Sheria za ardhi za 1999 zinasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Godoro litakuambia kama kijiji kimeshaisikia habari hiyo.

Swali jingine ambalo sijaliona kwenye dodoso lolote lililoletwa kwangu: "Tangu uanze kupata hela zako, baba watoto ameacha kulipa nini?" Uliza polepole, halafu nyamaza. Utasikia sare za shule. Utasikia mkaa. Utasikia nauli ya kwenda kliniki. Mradi unaripoti kwamba kipato cha mama kimepanda, na kweli kimepanda, lakini majukumu yaliyokuwa ya mume yamehamia kwake kimyakimya, na mchana wake umeongezwa kazi ya baharini juu ya ile ya jikoni. Tathmini isiyouliza hivyo inaweza kuusifia mradi uliomzidishia mtu mzigo.

Kwa habari ya muda natumia kokwa za ukwaju. Kila mtu 24, kokwa moja saa moja. Mume na mke wanakaa mbalimbali, kila mmoja anagawa siku yake ya jana: usingizi, kazi ya hela, kazi za nyumbani, ibada, kupumzika. Kisha kila mmoja anapanga siku ya mwenzake anavyodhani ilivyokuwa. Ndipo unawakutanisha. Mzee mmoja alimpangia mkewe kokwa tano za kupumzika; mkewe akaja akaziondoa moja moja akizitaja: maji, kuni, mtoto mgonjwa, kukoroga uji wa asubuhi, kusubiri wewe ule. Hakuna aliyetoa mhadhara.

Njia nyingine ninayoitegemea ni ya hadithi za badiliko kubwa, iliyoanzishwa na Rick Davies akiwa Bangladesh miaka ya 1990. Unawauliza watu wasimulie badiliko lililo kubwa kuliko yote kwao tangu mradi uanze, kisha kikao kinazisoma hadithi na kuchagua moja, kikieleza kwa nini. Hayo maelezo ya sababu ndiyo tathmini yenyewe. Nimeongeza jambo moja: wanawake wanachagua peke yao na wanaume peke yao. Mara ya kwanza kujaribu hivyo, wanaume walichagua hadithi ya nyumba iliyoezekwa bati. Wanawake walichagua ya mjane aliyesimama mbele ya shemeji zake akasema shamba haliuzwi. Mradi ulikuwa na kiashiria cha mabati, ila cha kusimama mbele ya shemeji haukuwa nacho.

Hatua ya 6: "Wanawake" si mtu mmoja

Gawa takwimu kwa jinsia, kisha endelea kugawa: mke mkubwa na mke mdogo, mjane, binti aliyerudi kwao, mwenye ulemavu, aliyehamia. Mara nyingi wastani wa kikundi unabebwa na wanawake watatu wenye waume wenye mashua.

Hatua ya 7: Andika pendekezo linaloweza kukataliwa

"Wanawake wawezeshwe kushiriki katika ngazi za maamuzi." Nani atalipinga hilo? Na kwa kuwa hakuna atakayelipinga, hakuna atakayelitekeleza. Pendekezo la kweli linamfanya mtu fulani ajikune kichwa.

Hilohilo nililiandika upya hivi: "Vikao vya BMU na mikutano ya kijiji visifanyike siku za bamvua, na vihamishwe kutoka saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Mwenye kazi: katibu. Kuanzia robo ijayo. Gharama: hakuna." Hili linaweza kukataliwa, na akilikataa mtu, tunamjua ni nani.

Mapendekezo matano yanatosha. Yaandike kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, maandishi makubwa, na kila moja liwe na mwenye kazi, tarehe na fedha. Ripoti ya kurasa 80 mfadhili apewe yake.

Hatua ya 8: Rudisha, na jiandae kwa Beijing

Anza na wanawake peke yao, siku moja kabla ya mkutano wa wote. Wasomee. Waache wakukosoe, kuna jambo umelielewa vibaya, lazima. Kisha waulize: lipi kati ya haya mko tayari kulisema wenyewe kesho, na lipi nilibebe mimi? Wapo waliokuwa na la kusema na wakaona bora lisisemwe kabisa kwa sasa. Wasikilize, maana wewe kesho kutwa unapanda basi, wao wanabaki.

Kwenye mkutano wa wote, mzee mmoja atasema, "Haya ni mambo ya Beijing." Miaka zaidi ya 30 imepita tangu mkutano wa dunia wa wanawake ufanyike Beijing, na bado jina hilo linatumika kama tusi. Usikasirike. Mimi hujibu kwamba mkutano ule wa 1995 Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, mama Gertrude Mongella wa Ukerewe, kwa hiyo ya Beijing ni ya kwetu, yalikwenda kutembea tu. Watu hucheka, na kikao huendelea. Halafu rudi haraka kwenye kokwa za ukwaju, maana hakuna aliyewahi kubishana na kokwa alizopanga mwenyewe.

Taja pia yaliyowahusu wanaume. Kijana asiye na mashua naye hana sauti dikoni, na akiliona jina lake kwenye karatasi hatakuwa adui yako.

Hatua ya 9: Ingia kwenye muhtasari

Sasa yule mwenye kalamu. Ukiishia kwenye makofi, umeishia hapo. Kabla mkutano haujafungwa, omba kila pendekezo lililokubaliwa liandikwe kwenye muhtasari, kwa namba, pamoja na jina la mwenye kazi. Kaa na katibu jioni ile mhakikishe. Siri yake ni hii: kikao chochote cha kwetu, kuanzia kikoba hadi baraza la madiwani, baada ya kufunguliwa na kusomwa muhtasari uliopita kinakwenda kwenye yatokanayo. Jambo likishakuwa kwenye yatokanayo, halihitaji tena mtathmini wala mradi wala mfadhili. Kila robo mwaka mtu atalazimika kusimama na kusema limefikia wapi. Nakala ya muhtasari waachie wanawake wawili, na mmoja wao awe anasoma vizuri.

Kisha rudi baada ya miezi sita, hata kwa nauli yako. Usije na dodoso. Omba kuonyeshwa daftari la mihtasari.

Kwenye kile kijiji cha Mkinga nilirudi mapema zaidi, mkutano uliofuata, nikakaa nyuma. Walikuwa wamekutana asubuhi vilevile. Mkeka wa wanawake ulikuwa na watu wanne. Katibu akasoma yatokanayo, akafika namba tatu: vikao visifanyike siku za bamvua. Mwenyekiti akauliza limefikia wapi. Kimya. Wakati huo yule mama wa kwenye jalada alikuwa ndiyo anaingia, kanga imelowa hadi magotini, mchanga miguuni. Hakukaa.

"Mwenyekiti," akasema, "leo mwezi kumi na tano."

Katibu akainua kalamu.